Mlango wa Pikapu ya Ilarie

Kule kijijini Valeni, Sabin alijulikana kwa kutu. Miaka thelathini na moja alikuwa mpiga rangi wa gereji ya ushirika, kazi yake kuyafanya magari makuukuu yaonekane mapya, na siku aliyostaafu akageuka kabisa: akaanza kuunda magari madogo ya plastiki, ya kukaa kiganjani, na kuyafanya yaonekane yamelala shambani miaka ishirini. Trekta lililoota majani kwenye injini. Lori lisilo na kioo. Kila mwaka theluji ikishayeyuka aliyafunga kwenye sanduku akapanda basi mpaka mjini Craiova, ambako watu wenye wazimu kama wake hukutana, na waamuzi huyamulika kwa vitochi na kunong'onezana. Mara mbili alirudi na cheti. Nyumbani yalikaa kwenye kabati la kioo, na mgeni akisogea sana Sabin humwomba arudi nyuma kidogo, eti pumzi ina unyevu.

Basi Jumatatu moja ya mwezi wa pili akasikia mtu anakung'uta theluji kwenye ngazi yake. Kufungua, ni Veta, mjane wa Ilarie, kitambaa cheusi kichwani na kikapu cha mayai mkononi. Sabin alitamani ardhi impasukie. Yeye na Ilarie walikuwa chanda na pete tangu utotoni, kisha wakakaa miaka ishirini na miwili bila hata kusalimiana, na Ilarie akafa hivyo hivyo. Ila Veta hakuacha kumwita shemeji hata siku moja, ugomvi au hakuna ugomvi.

Hakungoja kukaribishwa. Alivuta kigoda, akakaa karibu na jiko, akasema lililomleta. Amemwota Ilarie mara tatu tangu amzike mwaka jana. Ndoto ni ile ile: anatembea kwa miguu kwenye barabara isiyoisha, gunia la unga begani, tope mpaka magotini. Halalamiki, wala hamtazami.

"Ilarie huyo, shemeji," alisema. "Ilarie ambaye hata kisimani alikuwa anakwenda na gari."

Sabin alielewa papo hapo, kama ambavyo mtu yeyote wa Valeni angeelewa. Marehemu akikujia ndotoni anatetemeka, unampa jirani koti. Akija ana kiu, unampa jirani ndoo ya maji. Unakitoa mkononi mwako, mshumaa umewashwa, anakipokea mtu aliye hai, naye anakipata kule aliko. Veta alikwishatoa kitanda, buti, na koti la manyoya. Lakini pikapu ya Ilarie haikuwepo tena. Ilikatazwa barabarani, na wakata vyuma wakaja kuiburuta kwa mnyororo miezi michache kabla ya Ilarie mwenyewe kuondoka.

"Ya kweli sina," Veta alisema. "Wewe unaunda ndogo. Padri nimemwuliza kama inafaa, akaangalia dari. Hakusema hapana."

Sadaka ya mwaka, ya kumkumbuka marehemu, ilikuwa Jumamosi, wiki nne mbele. Alitaka Ilarie apate gari lake siku hiyo. Mwaka mzima amemwona anatembea, na mwaka mwingine wa namna hiyo, alisema, hauwezi.

Kusema kweli Sabin angeweza kukataa, na watu wasingeshangaa. Siku ya maziko alisimama nje ya uzio wa kanisa, kofia mkononi, na watu walipoingia kula yeye akashika njia ya kwake. Valeni nzima iliona. Kutokula chakula cha marehemu ni kumwambia kwamba hujamsamehe, na tangu siku ile walimtazama kama mtu mwenye moyo wa jiwe. Kumbe mwenzao alikuwa anaona aibu tu. Akamwambia Veta ataifanya.

Habari yenyewe ya ugomvi ilikuwa ya mlango. Pikapu ya Ilarie ilikuwa ya aina ile ambayo watu waliiita sapatu, kama kile kiatu cha nyumbani, maana mbele ina pua fupi na nyuma iko wazi, na ilikuwa ya bluu, bluu ya shati la shule. Majira fulani ya baridi Ilarie alirudi nyuma kizembe mlango ukiwa wazi, ukajikunja kwenye nguzo ya kisima. Sabin akampatia mlango mwingine, akaunyoosha, akachanganya rangi kwa macho chini ya taa ya gereji, akaupiga. Pale gerejini ulikuwa sawasawa. Jumapili, mbele ya kanisa, jua limepiga theluji na watu wote wametoka, mlango ulikuwa wa kijani. Si kijani cha kupigiwa kelele, lakini kijani.

Ilarie akaufungua, akaufunga, akaufungua tena. Akasema kwa sauti kwamba Sabin amempa mlango wa nyumba nyingine. Watu wakacheka mpaka padri akacheka. Sabin, mbele ya wote, akala kiapo kwamba rangi ni moja, na kwamba Ilarie macho yake yameharibiwa na pombe ya plamu. Akaongeza na neno juu ya baba yake Ilarie, neno ambalo halirudishiki. Ndiyo ikawa mwisho wao. Valeni nayo haikumwachia: kuanzia siku hiyo kitu chochote kisichofanana na mwenzake, soksi, kigae, hata mapacha, kikaitwa mlango wa Sabin.

Aliianza kazi siku ile ile. Hakuna kiwanda kilichowahi kutoa vipande vya kuunganisha vya gari la aina ile, kwa hiyo alikata kila kitu mwenyewe kutoka kwenye plastiki bapa, kwa kipimo cha moja kwa ishirini na nne, akipima kwenye picha ya zamani ya harusi ya kijijini ambayo pikapu ilionekana nyuma ya bibi harusi. Usukani aliukunja kwa waya. Taa alizitoa kwenye vifuniko vya dawa. Kisha akafika mahali anapopapenda, yaani kuiharibu. Akaipaka rangi ya kutu mwili mzima, akaimwagia chembe za chumvi ya mezani zikiwa zimelowa, akapuliza bluu juu yake. Ilipokauka akazikwangua chembe zile kwa mswaki, na kila chembe ilipobanduka kutu ikachungulia. Akatoboa sakafu. Akaotesha ukungu kwenye mipira ya madirisha. Akaing'oa taa moja, akaacha nyaya zinaning'inia. Tairi la nyuma akalichana likalala chini, na yote manne akayagundisha kwa gundi yasisogee, kama inavyofanywa Craiova.

Wiki tatu zilipita hajui zimepita vipi. Jamani, ilikuwa nzuri. Hata yeye mwenyewe aliizungukia meza akaitazama kutoka kila upande, na akajikuta anawafikiria waamuzi na vitochi vyao, jambo lisilokuwa na nafasi hapo.

Akaipeleka kwa Veta kwenye sanduku la viatu, juu ya pamba. Veta akavaa miwani, akaiinua pamoja na pamba yake, akaipeleka dirishani. Akaitazama muda mrefu. Kisha akairudisha mezani na kuifunika leso, taratibu, kama anavyofunikwa mtu.

"Umeniletea maiti, shemeji," alisema.

Sabin hakuamini masikio yake. Akaanza kueleza habari ya chumvi, habari ya ukungu, kazi iliyoingia pale. Veta alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza Ilarie ataendaje na tairi limekaa chini. Akayasukuma magurudumu kwa kidole, yakagoma. Akauliza ni lini Sabin alimwona Ilarie na gari chafu. Kila Jumamosi aliliosha, maji ya kisima na kata, hata mwezi wa kwanza, vidole vikimganda. Kutu? Kutu ikitokeza kama punje ya mtama alikuwa anaisugua na kuipaka rangi jioni ile ile. Lile gari halikuoza, lilichakaa kwa kufutwa. Boneti ilikuwa imefutwa kwa kitambaa miaka na miaka mpaka bluu ikaisha na rangi ya chini ya kijivu ikaonekana. Kando ya dirisha la dereva palikuwa na alama ya kiwiko. Mlango wa nyuma ulikuwa mweupe pale mkono wake uliposhika, kushoto, maana alitumia mkono wa kushoto.

"Umewahi kulitazama hata siku moja?" aliuliza. Miaka ishirini na miwili, kila lilipopita, Sabin aligeuza uso.

Veta akaifunua leso tena, akagusa upande wa dereva.

"Na mlango?"

"Mlango umefanyaje?"

"Unajua umefanyaje."

Sabin akachukua kofia yake. Akamwambia kwamba yeye si mtumishi wa mtu, kwamba kuna watu Craiova wangeipigia magoti kazi ile, na kwamba akitaka mlango wa kijani aende sokoni akanunue gari la kuchezea. Alifika kwake anatetemeka kwa hasira. Ugali wa njano aliojipikia ukapoa mezani. Alitaka kuiweka pikapu ile kabatini na wenzake, akafungua kioo, na pale alipoishika akaiona kama Veta alivyoiona. Hakuna mtu ambaye angekubali kupanda kitu kile. Yale mengine kabatini nayo, yote kumi na moja, hayakuwa na mtu. Hayakuwahi kuwa na mtu. Alikuwa amekaa miaka yote hiyo akiunda magari ambayo mwenye nayo amekufa au amekimbia, na hakuwahi kujiuliza kwa nini.

Siku mbili hakuigusa. Zilibaki siku nne.

Siku ya tatu, Jumatano asubuhi, alishuka stoo na kutoa kopo la misumari lililokuwa nyuma kabisa ya rafu. Chini ya misumari kulikuwa na kijiti cha kukorogea rangi kimefungwa gazeti. Kila mpiga rangi wa gereji ile alikuwa akikitupa kijiti kazi ikiisha. Hiki Sabin hakukitupa. Alikileta nyumbani Jumapili ile ile, baada ya kanisa, akakishika juani karibu na kipande cha bluu halisi, akaona, akakificha. Yaani alijua. Alijua kabla supu ya Jumapili haijapoa, na akakaa na kiapo chake miaka ishirini na miwili, akimpita rafiki yake barabarani kama mti. Alikaa kwenye ngazi ya stoo akalia, mzee mzima, na kijiti mkononi.

Kisha akanyanyuka, maana siku hazikuwa nyingi.

Hakukuwa na muda wa kuunda nyingine. Akaichovya ile ile kwenye dawa ya kutoa rangi na kuisugua mpaka plastiki ikabaki tupu. Akaziba sakafu. Akarudisha taa. Akang'oa magurudumu, akaunda upya lile la tairi lililochanwa, akatia ekseli za sindano ya kufumia, na akayajaribu mezani hadi yakazunguka bila kukwama. Halafu akapaka kijivu kwanza, bluu juu yake, na hakutumia chumvi safari hii. Alichukua kitambaa cha pamba, akakizungusha kidoleni, akaifuta boneti. Akaifuta kama mtu anayeosha gari Jumamosi, kwa duara, akianzia katikati, mara mia, mara mia mbili, mpaka kijivu kikaanza kutokea chenyewe. Hakuwa amewahi kufanya hivyo. Kwa kawaida uchakavu aliuchora, na huu ulikuja kwa kufuta kweli. Kwenye mlango wa nyuma akatumia kidole gumba chake cha kushoto. Pembe ya dirisha akaisugua kwa ncha ya kitambaa, kana kwamba ni kiwiko cha mtu, akicheka peke yake.

Mlango aliuacha wa mwisho. Ijumaa mchana, karibu na dirisha, taa amezima makusudi, alichanganya rangi akilinganisha na lile tone kavu kwenye kijiti. Mara ya kwanza ilitoka bluu mno. Mkono ulikuwa na mazoea ya kusahihisha. Mara ya nne ikawa ndiyo yenyewe, kosa lake lile lile, na akaupaka mlango tabaka mbili nyembamba.

Jumamosi alikwenda kanisani na kusimama ndani, si nje ya uzio. Baadaye akaingia uani kwa Veta na wengine. Meza ilikuwa ndefu, milango miwili iliyowekwa juu ya mapipa na kufunikwa kitambaa, na juu yake mikate ya kusuka, ngano tamu ya marehemu, kabichi zilizofungwa nyama na mchele, pombe ya plamu kwenye vikombe vidogo. Watu walipomwona wakasogea kumpa nafasi. Alimpa Veta sanduku. Veta akalifungua palepale.

Akavaa miwani. Akasukuma magurudumu kwa kidole, yakazunguka. Akapitisha gumba lake juu ya boneti, kisha juu ya ile alama ya mlango wa nyuma, kushoto. Alipofika upande wa dereva aliutazama mlango, akaiweka pikapu katikati ya meza, juani.

Aliyekuwa karibu na Veta ni Mitru mfuga nyuki, mtu asiyejua kuzuia ulimi. Aliinama, akatazama, na ukaona neno limemfika mdomoni. Kwa mara ya kwanza maishani mwake Mitru akalimeza. Akajifanya anatafuta chumvi.

"Sema tu, Mitru," Sabin alimwambia.

"Sikutaka kusema kitu mimi."

"Ni mlango wa Sabin." Akasimama. Mezani watu waliacha kutafuna. "Haufanani. Haukufanana hata siku moja. Nilijua tangu Jumapili ile, nikala kiapo cha uongo mbele yenu. Ilarie alikuwa anaona vizuri. Na lile neno nililosema juu ya baba yake, baba yake alikuwa mtu mwema, alinifundisha kuogelea."

Hakuna aliyecheka. Veta alikuwa anawasha mshumaa, na kiberiti kilimkatikia mara mbili. Ulipowaka aliuchomeka kwenye mkate, akainua mkate kwa mkono mmoja na pikapu kwa mkono wa pili.

"Kulikuwa na fundi mjini," alisema, akimtazama Sabin, "aliyemwambia Ilarie, lete nikupigie huo mlango ufanane, siku moja tu. Si mara moja alimwambia. Ilarie akawa anakataa. Nikamwuliza, mume wangu, kwa nini unatembea ukichekwa? Akasema, ule ni mlango wa Sabin, ataurekebisha Sabin mwenyewe akija." Akaigeuza pikapu, mlango ukaonekana. "Kila Jumamosi aliuosha huo mlango kwanza."

Akampitishia mkate na pikapu, vyote viwili, juu ya meza.

"Pokea, shemeji. Vya Ilarie."

Kila mtu pale alidhani atampa mpwa wa marehemu, au jirani wa karibu. Sabin mwenyewe alidhani hivyo. Mikono yake ilichelewa, kisha ikanyooka ikapokea, na akasema neno linalosemwa, neno ambalo alipaswa kulisema mwaka uliopita na hakuingia kulisema.

"Mungu amsamehe."

"Na wewe akusamehe," walijibu wote. Ndivyo inavyojibiwa siku zote, lakini Sabin alikaa chini ghafla.

Akaiweka pikapu mbele yake, mbali na vikombe, akaizungushia mikono isiguswe. Tayari alikuwa anawaza mahali pake kabatini, rafu ya juu, peke yake. Veta akamwona.

"Usiniambie utaifungia kwenye kioo," alisema. "Sadaka isiyotumika haimfikii mtu. Atabaki amekaa kule kwenye gari lisilowaka."

Watu wakamtazama. Ilikuwa ni kazi ya wiki nne na mlango wa miaka ishirini na miwili, na ile rangi hata haikuwa imekomaa vizuri, kidole chenye mafuta kingeiondoa. Sabin aliondoa mikono yake. Akachukua kijiko, akachota chumvi kutoka kwenye bakuli, akaimimina ndani ya sehemu ya nyuma ya pikapu mpaka ikajaa. Akaweka kidole juu ya paa, akaisukuma. Magurudumu yalitoa mlio mdogo juu ya kitambaa. Ikaupita mkate, ikaipita sahani ya kabichi, ikayumba kidogo penye mkunjo kisha ikanyooka, mlango wa kijani ukiwa upande wa jua, na ikasimama mbele ya Mitru.

Mitru akachota chumvi kwa vidole viwili, akanyunyizia nyama yake. Kwenye paa palikuwa na alama ya kidole cha Sabin, na Sabin aliiona akaiacha. Mitru akaigeuza pikapu, akairudisha, akamwambia dereva wake, Ilarie, alete pilipili.